Sindano, viganja na mfuko wa mchele

Tangu nilipoandika hapa kwamba nilisomea China tiba ya sindano, yaani akyupancha, na ukandaji, maswali hayakauki. Nimechukua haya sita. Yaliyouliza bei tu nimeyaacha.

Nimemaliza kidato cha sita, nipo Morogoro. Akyupancha inasomwa miaka mingapi?

China shahada yake ni miaka mitano, na sindano na ukandaji huwa kozi moja. Ukisoma kwa Kichina, ongeza mwaka wa lugha, maana wodini mgonjwa hatakusubiri ufungue kamusi. Usidhani utashika sindano siku ya kwanza. Utasoma anatomia, fiziolojia na patholojia, huku ukikariri vituo 361 vilivyopangwa kwenye njia 14 za mwili: kila kimoja jina lake, mahali pake na kina cha kudunga. Mwaka wa mwisho unakaa hospitalini.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1999 ulipendekeza saa 2,500 za mafunzo kwa mtu asiye daktari anayetaka kuifanya kazi hii kikamilifu. Daktari wa hospitali anayetaka kuongezea sindano kidogo kwenye kazi zake za kawaida aliwekewa saa 200. Kwa hiyo ukiona tangazo la cheti cha Jumamosi na Jumapili, piga hesabu mwenyewe.

Bibi yangu amechua watu Pangani miaka arobaini na hajakanyaga chuo. Huyo Mchina anasomea nini hapo?

Bibi mfikishie shikamoo yangu. Kuchua kwake na tuina, yaani ukandaji wa Kichina, ni ndugu wa karibu kuliko vyuo vinavyopenda kukiri.

Sisi tulianza na mfuko wa mchele. Kila mwanafunzi alishona mfuko wa kitambaa, akaujaza mchele, akaukanda muhula mzima. Ipo mbinu inaitwa gun: unaviringisha mgongo wa mkono, upande wa kidole cha mwisho, kwenda na kurudi, mara 120 hadi 160 kwa dakika, kiwiko kikiwa kimelegea. Ukikaza, mfuko unahama mezani. Ukilegeza mno, punje hazitikisiki. Mwalimu alikuwa anapita nyuma yetu wala hatazami; alisikiliza mchele tu, akajua nani anakimbia na nani anasinzia. Wangu ulishaanza kugeuka unga siku niliyoruhusiwa kugusa mgongo wa mtu. Sindano nazo tulidunga kwanza karatasi zilizokunjwa, kisha matufaha, kisha miguu yetu wenyewe. Nadhani wangu wa kushoto bado haujanisamehe.

Tulifundishwa pia nani asiguswe: mwenye mfupa uliovunjika, mwenye homa kali, na yule ambaye mguu mmoja umemvimba ghafla baada ya safari ndefu. Huyo wa mguu huenda ana damu iliyoganda ndani ya mshipa, na ukimchua bonge linaweza kupanda hadi kwenye mapafu. Muulize bibi; sitashangaa akikwambia alilijua hilo.

Nilikwenda na maumivu ya kichwa, akanidunga mkononi. Kweli alinielewa?

Alikuelewa. Baina ya kidole gumba na cha shahada pana kituo kiitwacho Hegu, kinachotumiwa kwa kichwa na meno. Wachina wa kale walisema qi, nguvu ya uhai, inapita kwenye njia inayotoka mkononi hadi usoni. Ukipasua maiti njia hiyo huioni, na mwalimu wetu wa anatomia hakutuficha. Tafiti za kipandauso zimeonyesha kwamba wanaodungwa hupungukiwa na siku za kuumwa, ila sindano zinazodungwa nje ya vituo nazo huleta nafuu isiyopishana sana na hiyo. Mimi naitumia ramani ile kwa kuwa ndiyo niliyofundishwa kufikiria nayo. Kuiapia, siapi.

Ningependa kujua alikuuliza nini kabla ya kudunga. Aliyefunzwa anauliza usingizi, choo, hedhi, hamu ya kula. Anakuomba utoe ulimi. Anashika mapigo kwenye mikono yote miwili kwa vidole vitatu. Kisha anapima kwa vidole vyako, si vyake, kwa sababu kipimo cha mwili wako umekibeba wewe. Kituo cha tumbo, Zusanli, kiko upana wa vidole vyako vinne chini ya pia ya goti, kidole kimoja nje ya mfupa wa ugoko. Kibonyeze sasa hivi. Ukisikia uzito na ganzi ya mbali, umekipata.

Lakini kichwa kikikupasuka ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, au shingo ikakakamaa, nenda hospitali. Si kwangu.

Mke wangu anataka kukandwa ila mkandaji ni mwanamume. Lazima avue? (Unguja)

La. Tuina kwa kawaida hufanywa juu ya nguo au shuka, bila mafuta. Avae suruali pana na fulana. Sindano za mgongo ndizo zinazotaka sehemu ndogo ifunuliwe. Nawe kaa humo humo chumbani, akikukatalia, ondokeni.

Guangzhou nilikofuata mzigo nilikandwa na kipofu. Wanapewa kazi hiyo kwa huruma?

Hata kidogo. China ukandaji ni fani ya wasioona tangu zamani, na wana mafunzo na mitihani yao. Darasani sisi wenye macho tulikuwa tunaambiwa tufumbe.

Nina mimba ya miezi minne, mgongo unaniua. Naweza kudungwa?

Kwanza zungumza na kliniki yako. Ukienda kwa mtu wa sindano, tafuta ukutani usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na pakiti ya sindano ifunguliwe mbele yako. Mwambie kuhusu mimba kabla hujapanda kitandani: Hegu, na kile kituo cha ndani juu ya kifundo cha mguu, tulifundishwa kutovidunga kwa mjamzito. Ukimwambia akajibu kwamba haina tofauti, vaa viatu vyako.