Nalala usiku kucha, naamka nimechoka

*Shangazi, nina miaka 31. Miaka minne iliyopita niliambiwa nina vivimbe vingi kwenye ovari na homoni zimevurugika. Nalala mapema, lakini naamka kichwa kinauma na mwili hauna nguvu. Kazini nasinzia. Mume wangu ananiita mvivu, na ananitania eti nakoroma hadi anahamia sebuleni. Nifanyeje? – Mchovu*

Mwanangu Mchovu, hiyo ya kukoroma umeipitia juu juu, na ndiyo niliyoishika mimi.

Wanawake wenye hali yako hupatwa zaidi na tatizo la pumzi kukatika usingizini. Koo hulegea, njia ya hewa huziba, ubongo hukuzindua uvute pumzi, kisha unazama tena usingizini bila kukumbuka chochote. Ikijirudia usiku kucha, kitandani umekuwapo ila kulala hukulala. Kuumwa kichwa asubuhi na kusinzia mchana ni dalili zake. Uzito huchangia, lakini hata wembamba hulipata, kwa hiyo asikwambie mtu "punguza mwili kwanza" akaishia hapo. Mwongozo wa kimataifa wa 2023 kuhusu ugonjwa wako unawataka madaktari waulize habari za kukoroma na uchovu. Hukuulizwa? Anza wewe kusema.

Mumeo naye nampa kazi. Usiku mmoja asihamie sebuleni, akae akusikilize. Je, mkoromo unakatika, kimya kinatanda, kisha unashtuka kama mtu aliyepaliwa? Arekodi kwa simu, mwende naye kwa daktari, uombe kipimo cha usingizi. Ikithibitika, tiba ipo, mojawapo ni mashine ya barakoa inayosukuma hewa usiku.

Usiache na vipimo vya damu. Hedhi ikiwa nzito, madini ya chuma hupungua. Tezi ya shingo ikizembea, nayo huleta uchovu huu huu. Na kama umemeza metformini, dawa ya kisukari ambayo wenye hali yako nao hupewa, kwa muda mrefu, waangalie vitamini B12, maana huweza kuipunguza.

Vidonge vya usingizi usijinunulie, vingine hulegeza koo zaidi. Usingizi wa mchana ukiwa bado unakuzidi, gari aendeshe mumeo, huyo asiye mvivu.