Panga ukarabati kabla ya kutoa hela: kwa wanaoanza kununua na kuuza nyumba chakavu Dodoma

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, na wizara zikajenga Mtumba, kwenye mji wa Serikali, watu wengi wamezitazama nyumba za zamani za Area C, Kikuyu, Makole na Chang'ombe wakapiga hesabu ya haraka: nunua, paka rangi, uza. Hesabu hiyo imeruka hatua. Faida ya nyumba chakavu inapatikana siku unayonunua, na bei sahihi ya kununulia huwezi kuijua kama hujapanga ukarabati wote, kuanzia msingi hadi kenchi za paa.

Kwa hiyo anza na mnunuzi wako wa mwisho. Ni mtumishi mwenye familia anayekwenda Mtumba kila asubuhi? Ni mtu anayetaka vyumba vya kupangisha wanafunzi? Ukishamjua, ulizia nyumba kama hiyo, mtaa huohuo, zimeuzwa kwa kiasi gani, maana bei anayoitaja dalali si lazima iwe ndiyo iliyolipwa. Tuseme utauza kwa milioni 120. Ukarabati milioni 30. Dharura milioni 5. Ushuru wa stempu, dalali, mlinzi, kodi na gharama ya kukaa na nyumba miezi kadhaa kabla haijauzwa, milioni 10. Faida unayoitaka milioni 20. Zinabaki milioni 55, na hiyo ndiyo bei ya juu kabisa ya kununulia. Mwenye nyumba aking'ang'ania 70, mshukuru kwa muda wake uondoke. Nyumba zipo.

Sasa hiyo milioni 30 ya ukarabati ndiyo inayowaponza wageni, kwa sababu wanakagua kinachoonekana: marumaru, dari, madirisha. Dodoma ukague kwanza ardhi na maji.

Sehemu kadhaa za mji huu zina udongo wa mfinyanzi, unaovimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Na mvua yetu ni ya msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, halafu ukame mrefu. Msingi mwepesi uliokaa juu ya udongo wa namna hiyo unanyanyuliwa na kushushwa kila mwaka. Zunguka nyumba polepole. Nyufa nyembamba zilizotapakaa juu ya lipu si jambo la kukunyima usingizi. Ufa wa kuogopa ni ule unaoanzia kona ya dirisha ukashuka ngazi kwa ngazi kufuata maungio ya tofali, mpana chini kuliko juu au kinyume chake. Ingia ndani, fungua na ufunge kila mlango. Unaokwama juu upande mmoja unakuambia fremu imeshapinda pamoja na ukuta. Kama mazungumzo ya bei yatachukua wiki kadhaa, omba ruhusa ubandike kipande chembamba cha plasta ya jasi juu ya ufa, andika tarehe kwa penseli. Kikipasuka, nyumba bado inatembea.

Ufa huo usiuzibe kabla hujajua maji yanatoka wapi. Mara nyingi paa halina mifereji, na maji ya bati yamechimba kijifereji chini ya ukuta miaka na miaka. Au karo la maji machafu limechimbwa karibu mno na msingi na linavuja. Au bomba la zamani chini ya sakafu limetoboka. Weka mifereji, mwaga zege kuzunguka nyumba lenye mteremko wa kupeleka maji mbali, hamisha karo, kisha subiri. Ukuta ukitulia ndipo ushone ufa. Ikiwa ni wa muundo, yaani unagusa uimara wa nyumba yenyewe, mlipe mhandisi aje auone kwa macho. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na kuvunja ukuta mara mbili.

Kitu kingine cha hapa ni chumvi. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi, na nyumba nyingi zimejengwa kwa maji hayo. Tazama ukuta futi mbili tatu kutoka sakafuni: ukiona weupe umechomoza, kwangua kwa ufunguo. Lipu ikimong'onyoka kama unga, rangi haitakaa hapo hata ununue ya bei gani. Itabidi ibanduliwe, unyevu unaopanda kutoka chini uzuiwe, ndipo upige lipu upya. Na zege lako jipya lenye nondo usilichanganye kwa maji ya namna hiyo, yatazitia nondo kutu. Bajeti maji ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, au ya boza tangu siku ya kwanza, na simtanki liwe miongoni mwa vitu vya mwanzo kufika saiti. Hewa ya huku ni kavu na upepo wa kiangazi ni mkali, kwa hiyo zege na lipu vimwagiliwe angalau siku saba. Fundi atakuambia tatu zinatosha. Hazitoshi.

Paa lifumuliwe kiangazi, Mei hadi Oktoba. Dari likishashuka, gonga kila mbao kwa nyundo. Mchwa wa Dodoma hula kwa ndani na kuacha ganda zima. Nunua mbao zilizotiwa dawa. Nyaya za umeme na mabomba vipite kabla ya lipu, na upige picha kuta zote kabla hazijafunikwa. Mnunuzi makini atazipenda sana picha hizo.

Kuhusu karatasi, CDA, mamlaka iliyokuwa ikigawa viwanja vya Dodoma, ilivunjwa mwaka 2017, na hati zake za zamani zilikuwa za miaka 33. Hakikisha ya muuzaji imeshabadilishwa kuwa ya miaka 99 au ijue gharama ya kuibadilisha. Fanya upekuzi kwa msajili wa hati, ulizia deni la pango la ardhi, angalia kama LUKU ina deni la kodi ya majengo. Kama ni nyumba ya ndoa, mke au mume asaini ridhaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamlinda, na ni haki. Ukarabati wa kuongeza chumba au kubadili muundo unahitaji kibali cha ujenzi kutoka Halmashauri ya Jiji. Usianze kwa kutegemea kwamba hakuna atakayepita.

Mafundi uwalipe kwa hatua iliyokamilika, kwa mkataba ulioandikwa, na vifaa ununue mwenyewe. Bakiza sehemu ya malipo ya ufundi hadi simtanki lijazwe, mabomba yote yafunguliwe kwa pamoja na choo kipigwe maji mara kadhaa. Kila ununuzi udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina lako. Mtu binafsi mkazi wa nchini akiuza nyumba kwa kawaida hutozwa asilimia 10 ya ongezeko la mtaji, yaani faida ya mauzo, na gharama za ukarabati hupunguza ongezeko hilo pale tu zinapothibitika. Ukifanya shughuli hii mfululizo, mwone mhasibu mapema, maana TRA inaweza kuihesabu kuwa biashara. Weka faili moja kwa kila nyumba: hati, kibali, risiti, picha za kuta. Mnunuzi anayelipa kwa mkopo wa benki atahitaji nyumba ithaminiwe, na mthamini akifika utampa faili lote.