Maswali ya Wasomaji: Dripu ya Rituksimabu na Saratani ya Damu

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza kuhusu dawa moja: rituksimabu, kingamwili wanayotundikiwa wagonjwa wa lukemia sugu ya limfosaiti, aina ya saratani ya damu ambayo kwenye faili huandikwa CLL. Kichupani mtaisoma rituximab. Tumechagua barua zinazogusa usalama wa mgonjwa. Za bei na bima zitasubiri toleo lijalo.

Shikamooni. Baba yangu ana miaka 66. Siku ya dripu ya kwanza, baada ya kama saa moja alianza kutetemeka hadi meno yakagongana, joto likapanda. Nesi alifunga dripu, akamchoma sindano, baadaye wakaendelea polepole hadi ikaisha. Sasa baba amegoma. Anasema dawa imemkataa. Ni kweli? – Binti, Tanga

Marahaba, binti. Kwa ulivyoeleza, haijamkataa. Dawa hii hushika alama iitwayo CD20 iliyo juu ya seli B, aina ya chembe nyeupe za damu, zile zilizozidi kwenye damu ya baba. Seli ikishashikwa huuawa, na zinapokufa nyingi kwa mpigo humwaga kemikali zinazoleta baridi, homa, kichefuchefu, presha kushuka na kifua kubana. Mara nyingi dalili huanza kati ya dakika 30 na saa 2 tangu dripu ifunguliwe, na dozi ya kwanza ndiyo yenye kishindo kwa sababu hukuta seli nyingi. Ya pili hukuta zilizobaki.

Kishindo hicho si cha kupuuza. Wapo waliopoteza maisha ndani ya saa 24 za dripu ya kwanza, na ndiyo maana dawa hii haisukumwi kwa bomba la sindano hata siku moja. Huchanganywa kwenye maji ya chumvi au ya glukosi, kisha huanza kwa miligramu 50 kwa saa. Mgonjwa akiwa shwari, kila nusu saa huongezwa 50 nyingine, mwisho 400 kwa saa. Nesi alifanya sawa kabisa: dalili zikitokea dripu inafungwa, zinatibiwa, na zikiisha inarudi kwa nusu ya kasi ya awali au chini ya hapo.

Hesabu itamsaidia baba kupanga siku yake. Dozi ya kwanza ni miligramu 375 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili. Mtu wa mita 1.7 hupata takriban miligramu 640, na bila kusimamishwa huchukua saa 3 na dakika 20. Ikisimamishwa mara mbili tatu, siku imekwisha. Kuanzia mzunguko wa pili dozi ya CLL hupanda hadi miligramu 500 kwa mita ya mraba, kwake 850, kwa hiyo msishtuke mkiona vichupa vimeongezeka, hakuna aliyekosea. Kama ya kwanza ilivumilika, hii huweza kuanza kwa miligramu 100 kwa saa na kupandishwa 100 kila nusu saa, ikaisha kabla ya saa 3. Kwa baba yako, kwa yaliyompata, daktari anaweza kuchagua kuanza tena taratibu. Mkubalieni.

Kabla ya dripu ijayo ulizeni idadi ya limfosaiti, chembe nyeupe za kundi la seli B hizo. Ikiwa juu ya 25 kwa kipimo cha bilioni kwa lita, mwongozo ni apewe prednisoloni miligramu 100 kwa mshipa muda mfupi kabla ya dripu. Daktari pia anaweza kupunguza kasi au kuigawa dozi kwa siku mbili. Panadol na dawa ya mzio ya jamii ya piritoni hutolewa kabla ya kila dripu, hata kama ya mwisho ilipita salama. Unywaji wa maji na vidonge vya alopurino huanza saa 48 kabla, kwa sababu seli zilizokufa huacha asidi ya yuriki na potasiamu nyingi, na figo ndizo zinazobeba mzigo huo, hasa katika saa 12 hadi 24 za kwanza. Mkojo ukipungua au moyo ukienda ovyo usiku ule, rudini hospitali.

Jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha: gurudumu la dripu si la ndugu wa mgonjwa. Pasipo na mashine ya kupima kasi, nesi huhesabu matone. Miligramu 640 ndani ya mfuko wa mililita 500, kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, mwanzo ni matone 13 tu kwa dakika. Inaonekana kama haitembei. Anayelizungusha "ili tuwahi basi" anampa mgonjwa kwa dakika chache kilichopangiwa saa nzima.

Na baba asijikaze kiume. Koo likiwasha, ulimi ukiwa mzito, kifua kikibana au mgongo ukiuma ghafla, aseme pale pale, asingoje nesi apite.

Mume wangu ana saratani ya damu, lakini wanataka kumpima homa ya ini. Alishapimwa mwaka jana, kipimo cha haraka, hana. Kwa nini tulipe tena? – Mama wawili, Mombasa

Lipeni, mama. Katika vipimo vyote hiki ndicho tusingekubali kirukwe.

Kipimo cha haraka hutafuta ganda la virusi vya homa ya ini B. Kikisema hakuna, maana yake virusi havizunguki kwa wingi sasa hivi. Hakisemi kama mume wako aliwahi kuugua zamani, labda utotoni, akapona bila kujua. Aliyepona hivyo hubaki na masalia ya virusi ndani ya seli za ini, yamefungiwa na kinga. Rituksimabu huondoa seli B, mlinzi anaondoka, na virusi vinaweza kuamka na kuharibu ini hadi kuua. Hutokea wakati wa matibabu, na imewahi kutokea hadi miezi 24 baada ya dozi ya mwisho.

Vipimo ni viwili, na vyote vifanyike kabla ya dripu ya kwanza: cha ganda, na cha kingamwili dhidi ya kiini cha virusi. Kwenye fomu ya maabara huandikwa HBsAg na anti-HBc. Mkiona kimoja tu, ulizeni cha pili kiko wapi.

Kikitoka chanya si lazima akose dawa. Hupewa kidonge cha kukinga, entekavia au tenofovia, na huendelea nacho mwaka mmoja au mwaka na nusu baada ya dripu ya mwisho, ini likiendelea kupimwa hata baada ya hapo. Kosa tunalolisikia mara kwa mara ni mgonjwa kumaliza dripu, kujiona mzima na kuacha kidonge. Anayetumia ARV zenye tenofovia na lamivudini aseme pia, maana dawa hizo hukandamiza virusi vya ini B, na kubadilishiwa bila kuliangalia hilo kunaweza kumfungulia mlango adui wa pili.

Macho yakigeuka manjano au mkojo ukawa kama chai ya rangi, mpelekeni siku hiyo hiyo.

Natumia dawa za presha kila asubuhi. Siku ya dripu nizimeze? – Mstaafu, Dodoma

Muulize daktari wako siku moja kabla, si asubuhi ile. Dripu yenyewe hushusha presha, kwa hiyo wengi huambiwa waache dawa ya presha saa 12 kabla ya kuanza. Usijiamulie, hasa kama moyo wako una shida, na beba vidonge mfukoni ili urudi navyo kwenye ratiba jioni.

Nimemaliza dozi ya sita miezi miwili iliyopita. Nina harusi Kampala na wananiambia nichanje homa ya manjano. Pia mjukuu wangu anaanza matone ya polio. – Bibi harusi hampiti, Kisumu

Bibi, chanjo ya homa ya manjano usichome. Ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa, na mwili wako kwa sasa hauna seli B za kuvidhibiti. Surua ni hai pia.

Lakini tafuta kwanza kadi yako ya zamani. Tangu Julai 2016, cheti cha homa ya manjano kinatambuliwa kwa maisha yote ya mwenye nacho, hata kama juu yake kimeandikwa miaka 10. Kama huna, daktari anaweza kukuandikia barua ya msamaha wa kitabibu, yenye sahihi na muhuri, uionyeshe mpakani. Barua haizuii mbu: vaa mikono mirefu na ulale ndani ya chandarua.

Chanjo zisizo hai, kama ya mafua na ya nimonia, hazina hatari hiyo ila sasa mwili hautazijibu vizuri. Wakati wake mzuri ulikuwa wiki 4 au zaidi kabla ya dripu ya kwanza. Wanaokaribia kuanza wazingatie.

Mjukuu apate chanjo zake zote. Kwa matone ya polio, virusi vya chanjo hutoka kwenye choo chake kwa wiki kadhaa, kwa hiyo nepi abadilishe mtu mwingine, nawe unawe mikono kwa sabuni kila umshikapo. Mweleze pia nesi wa kliniki ya watoto kwamba nyumbani kuna mwenye kinga pungufu.

Mjomba alimaliza matibabu wiki 7 zilizopita. Juzi usiku alipata homa 38.6, tukampa panadol na dawa ya malaria tuliyokuwa nayo. Imeshuka. Tusubiri kliniki ya mwisho wa mwezi? – Mpwa, Morogoro

Hapana, mpelekeni leo. Rituksimabu ina tabia ya kuchelewa: chembe nyeupe zinazopambana na bakteria zinaweza kushuka wiki 4 au zaidi baada ya dozi ya mwisho, wakati kila mtu ameshapumua. Panadol ilishusha namba kwenye kipimajoto, haikugusa chanzo. Apimwe malaria, ndiyo, lakini hata ikionekana, msikubali kuondoka bila kipimo kamili cha damu. Homa ya 38 na kuendelea kwa mgonjwa huyu ni safari ya hospitali, hata saa nane za usiku.

Angalieni pia kama bado anameza septrini na asiklovia. Ya kwanza hukinga nimonia ya fangasi, ya pili mkanda wa jeshi. Kwa CLL hushauriwa wakati wa matibabu na hadi miezi 12 baadaye.

Dawa tunanunua wenyewe duka la dawa Mwanza na kuipeleka hospitali, safari ya saa nne. Tunaibebaje? – Kaka wa mgonjwa, Sengerema

Nyuzi joto 2 hadi 8, ndani ya boksi lake la karatasi ili mwanga usiifikie. Kwenye kibegi cha baridi wekeni vipande vya barafu vilivyofungwa kwa taulo, dawa ikae katikati, isigusane na barafu. Wengi huogopa joto peke yake, kumbe kuganda nako huiharibu dawa hii, na ikishayeyuka huwezi kuona tofauti kwa macho. Isitikiswe, na isikae juu ya injini ya basi.

Dukani hakikisheni vichupa ni vya mshipa: miligramu 100 kwa mililita 10, au 500 kwa mililita 50. Iko nyingine ya kuchoma chini ya ngozi, yenye miligramu 1400 au 1600 kwenye kichupa kimoja. Hiyo haiingii kwenye dripu, wala haitumiki kwa dozi ya kwanza ya mtu yeyote. Maji yawe angavu, bila rangi au manjano hafifu. Yakiwa na vipande au ukungu, rudisheni. Andikeni kwenye daftari la mgonjwa jina la kampuni na namba ya bechi, kwa sababu matoleo ya rituksimabu ni mengi, na mzio ukitokea hilo ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa.

Mama yangu, mwaka wa pili tangu dripu, anakosea maneno, na mguu mmoja unaburuta. Ni uzee? – Mwanae, Muscat

Msiuite uzee kabla hajapigwa picha ya MRI ya ubongo. Mara chache sana, virusi vya JC, ambavyo watu wengi wanavyo vikiwa vimelala, hushambulia ubongo wa aliyetumia dawa hii. Dalili huja polepole, ndani ya siku au wiki: maneno kupotea, upande mmoja kulegea, kuona vibaya, tabia kubadilika. Kiharusi pia kinawezekana, na chenyewe hakisubiri. Mpelekeni kwa daktari wa mishipa ya fahamu, na sentensi ya kwanza mtakayomwambia iwe kwamba aliwahi kutundikiwa rituksimabu, na mwezi aliomaliza. Kama bado yuko kwenye ratiba, dozi inayofuata isitolewe hadi jibu litoke.