Fuko hali vifaranga, mama

Mama, umeuliza kama anayesukuma vifusi vya udongo kwenye viazi vyako hapo Dagoretti ndiye huyo huyo anayeua vifaranga usiku. Sivyo. Hao ni wawili.

Wa vifusi ni fuko, na yeye ni mla mizizi. Siku moja nilivuta shina la kiazi kitamu, majani mabichi kabisa, nikabaki nalo mkononi: chini kiazi kimegugunwa, limebaki ganda tu. Ukimnasa mtazame meno ya mbele. Ni ya rangi ya chungwa, yamechomoza hata mdomo ukiwa umefungwa. Hayo ndiyo jembe lake, na midomo hufunga nyuma yake ili asimeze udongo. Yule fuko wa vitabu vya Ulaya, mwenye mikono kama sepetu na anayekula minyoo, huku kwetu hayupo. Wamechangia jina tu.

Wa vifaranga mimi namshuku kicheche. Mweusi, mwembamba, ana mistari myeupe toka kichwani hadi mkiani. Hutoka usiku, hula panya, wadudu, mayai, na akipata upenyo bandani hamwachi kuku. Usimbane kwenye kona! Hugeuza makalio akakurushia majimaji ya uvundo, na koti utalitupa.

Lakini vikipotea mchana, hapo ni nguchiro au mwewe.

Kwa fuko tega kitanzi ndani ya njia yake. Kwa kicheche ziba matundu ya banda kwa waya wenye matundu madogo, hadi chini ya udongo.