Mwanangu, ule moto haukuangukia nyuma ya msitu

Mwanangu,

Barua yako nimeipata, na mama yako nimemsomea yote. Unauliza ule moto uliopita angani Ijumaa usiku, yaani kimondo, jiwe linalotoka anga za mbali na kuwaka likiingia kwenye hewa yetu, uliangukia wapi, kwa sababu hapo Mafinga kila mtu anaapa umetua nyuma tu ya mipaini ya Sao Hill, na vijana wa bodaboda wameshaingia msituni kuutafuta.

Hata sisi huku Mbalizi tuliuona. Nilikuwa uani, mara kukawa kweupe, kivuli cha mgomba kikatembea ukutani. Nilipoinua macho nikauona ukiteremka mashariki, kama unaelekea Chimala. Wewe unasema kwako ulishukia upande wa Makambako. Chukua ramani, mama, uchore mstari wako, kisha uchore wangu. Inakutana huko Wanging'ombe na Makambako, mbali na kwako na mbali zaidi na kwangu.

Halafu kuna ule mngurumo. Umeandika kwamba uliusikia kama dakika tano baadaye, watu wakidhani ni radi ilhali hakukuwa na wingu. Hapo ndipo uliponifurahisha, maana kwa kutazama saa umepima anga. Sauti huchukua takriban sekunde tatu kusafiri kilomita moja. Dakika tano ni sekunde 300, kwa hiyo ulitoka kama kilomita 100 kutoka kwako, kwa mshazari, kutoka juu.

Na ulikuwa juu sana. Kimondo huingia katika angahewa kwa kasi ya kilomita 11 hadi 72 kwa sekunde, hewa iliyo mbele yake inabanwa na kuchemka hadi inawaka. Mwanga huo huzimika kikiwa bado makumi ya kilomita juu ya ardhi. Mliona kimezama nyuma ya miti kama jua linavyozama nyuma ya miti hiyohiyo kila jioni. Kama kuna vipande vilivyosalia, vilimalizia safari gizani, bila kuwaka, na hakuna aliyeviona vikitua. Waambie vijana warudi nyumbani, wasije wakapotea humo bure.

Jambo moja nakusihi ulishike. Tarehe 15 Februari 2013, jiwe la upana wa kama mita 20 lilipasuka juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi. Watu waliona mwanga, wakakimbilia madirishani kutazama. Mshindo ukafika baada ya dakika moja na zaidi, vioo vikapasuka, na zaidi ya watu 1,000 wakaumia, wengi kwa vioo hivyo. Wewe una darasa lenye madirisha makubwa. Ukiona tena mwanga kama ule, watoto wakae mbali na vioo na wasubiri dakika kadhaa, hata kama kumetulia.

Unataka kushika kimondo kwa mkono? Ukija likizo tutapanda gari la Tunduma, tushuke njiani twende Ndolezi, kwenye Kimondo cha Mbozi. Ni chuma kitupu na nikeli kidogo, urefu wake kama mita tatu, uzito unakadiriwa kati ya tani 12 na 16. Wataalamu walianza kukiandika mwaka 1930, kikiwa kimefukiwa kwa sehemu kubwa. Wakachimba handaki kukizunguka ili kionekane chote. Shimo la kuangukia halipo, maana kimekaa hapo muda mrefu mno.

Kabla ya hapo nifanyie kazi hii, watu wangali wanakumbuka. Kila aliyekiona kimondo cha Ijumaa asimame palepale aliposimama usiku ule, anyooshe mkono kilipoanzia na kilipoishia, nawe uandike uelekeo, kimo juu ya upeo wa macho, saa, rangi, na kama alisikia kitu. Waulize na wa Makambako, ndugu zetu wapo kule. Nitumie yote, mimi nitakusanya ya huku.

Baba yako