Seva ya nyumbani: si kila kitu cha kutia kwenye kontena

Kwa karibu miaka miwili seva yangu ilikuwa kompyuta kuukuu yenye Debian 11 (aina ya Linux), programu zote nimeziweka moja kwa moja. Raha tupu, mpaka nilipopandisha kwenda Debian 12. PHP, lugha inayoendesha programu za wavuti, ikaruka kutoka 7.4 hadi 8.2, na programu moja ya zamani ikagoma kuwaka. Nyingine ilikuwa ikiisubiri hiyo 8.2 kwa hamu. Fahali wawili, zizi moja.

Nikahamia Docker, inayofungia kila programu kwenye kontena, yaani boksi lake lenye vyote inavyohitaji, na, kama kawaida ya aliyesilimu jana, nikatia kila kitu kwenye kontena, hata Samba ya kugawana mafaili. Hilo lilikuwa kosa. Mtumiaji wa ndani ya kontena alikuwa na namba 1000 (Linux humtambua mtumiaji kwa namba), folda ya nje ni ya 1001, basi kila nikinakili picha naambiwa sina ruhusa. Nilikesha kwa kitu ambacho apt, kisakinishi cha Debian, ingenisakinishia kwa dakika mbili.

Hifadhidata ndiyo iliyonitoa jasho. Kwenye faili la compose, linaloiambia Docker iwashe kontena zipi, nilikuwa nimeandika postgres:latest, yaani hifadhidata ya Postgres, toleo jipya lolote lililopo. Usiku mmoja nikavuta matoleo mapya, nikawasha upya, nikalala bila hata kuangalia. Asubuhi albamu ya picha haifunguki. Logi inasema data iliundwa na toleo la 15, haipatani na toleo la 16. Bahati yangu data ilikuwa kwenye folda ya nje ya kontena, haijaguswa. Nikarudisha 15, nikaitoa yote kwa pg_dumpall, amri ya Postgres ya kutoa data zote, nikaipakia kwenye 16 iliyoanza na folda tupu. Siku hizi naandika namba ya toleo. Hilo neno latest sitaki hata kuliona.

Kwa hiyo kama unachotaka ni kugawana mafaili na bakapu ya usiku, achana na kontena. Programu inayokuja na PHP yake, Python yake na hifadhidata yake ndiyo ya kufungia. Kwangu Samba, SSH (ya kuingia kwenye seva kwa mbali) na bakapu ziko juu ya Debian yenyewe. Nne zilizobaki ziko kwenye kontena, kila moja na folda yake.

Ukienda njia hiyo, angalia poti, yaani milango ya mtandao ya programu. Docker hujiandikia sheria zake za iptables (ukuta wa mtandao wa Linux), hivyo ukiandika 8080:80, yaani poti 8080 ya seva iende 80 ya kontena, poti hiyo ya 8080 huweza kufikika kutoka nje hata kama unadhani umeifunga kwa ufw, programu ya kusimamia ukuta huo. Mimi huandika 127.0.0.1:8080:80, ifikike kutoka kwenye seva yenyewe tu.