Mitambo na umeme: niongeze shahada nyingine?

SWALI: Niko mwaka wa pili, uhandisi wa mitambo. Nataka roboti. Je, nisome na shahada ya umeme?

JIBU: Chukua mitaala yote miwili na kalamu. Kata masomo yanayofanana: hesabu, fizikia, programu, pengine saketi za mwanzo. Yanayobaki ndiyo mzigo wenyewe. Kisha fuatilia masharti ya awali, yaani masomo ya lazima kabla ya mengine, maana hapo ndipo wengi hukwama. Nadharia ya udhibiti (jinsi ya kuongoza mwendo wa mashine) mara nyingi hudai somo la ishara na mifumo, nalo hudai saketi. Somo likifundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka, ukilikosa mnyororo wote unasogea mwaka mzima. Uliza pia ni krediti ngapi zinaruhusiwa kuhesabiwa kote kuwili.

Kwa roboti, tungechagua utaalamu wa ziada, yaani kundi dogo la masomo ndani ya shahada yako: elektroniki, udhibiti, maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja), vihisi. Mkono wa roboti ukitetemeka kila unapofika mahali pake, lazima ujue kama kosa ni gia iliyolegea au mpangilio wa kidhibiti. Masomo hayo yanatosha kukuonyesha. Shahada nyingine kamili ya kwanza ina maana zaidi ukitaka kusajiliwa kama mhandisi wa umeme. Vinginevyo, muda huo upeleke kwenye uzamili.